Chumvi ikilowa kabatini, mbegu nazo zimelowa

Maswali ya wasomaji wetu wa Mtwara na Lindi kuhusu kukusanya, kukausha na kutunza mbegu za nyasi na mimea ya mbugani

Ndugu wataalamu, salaam. Mwezi Juni klabu yetu ya mazingira ilikusanya mbegu za nyasi za kuezekea na za marejea ya porini, chini ya milima ya Masasi. Tulizianika siku mbili, tukazifunga kwenye vifuko vya nailoni, tukaweka ndani ya debe kwenye kabati la maabara. Tulipofungua Januari zilinuka uvundo. Katika mbegu 100 za nyasi tulizootesha, zilitoka nne tu. Je, mbegu za pori hazina maisha?
*Mwalimu wa sekondari, Masasi*

Zina maisha marefu, Mwalimu. Mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, William Beal alifukia chupa za mbegu za magugu ili zifukuliwe kidogo kidogo. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota, baada ya miaka 142. Kokwa za mtende zilizopatikana Masada, kule Israeli, zilikuwa na umri wa miaka ipatayo 2,000, na moja iliyopandwa mwaka 2005 ikatoa mti. Masada ni jangwa. Masasi sio jangwa, na pwani ya Mtwara ndiyo kabisa.

Angalia kikopo cha chumvi jikoni wakati wa masika. Chumvi huanza kulowa hewa inapovuka unyevu wa 75%. Mbegu ya nyasi ikikaa kwenye hewa hiyohiyo hunywa maji kutoka hewani mpaka ndani yake yafike kama asilimia 13 au 14 ya uzito wake. Haihitaji kunyeshewa. Kwa kiwango hicho mbegu inapumua, inakula akiba yake, inachoka, na kuvu anapata pa kuanzia. Debe lenu halikuzuia kitu, na vifuko vya nailoni nyepesi hupitisha mvuke polepole. Kibaya zaidi, siku mbili za jua ziliacha maji mengi ndani ya mbegu, nanyi mkayafungia humo.

Kuna kanuni ya kukisia iliyoachwa na mtaalamu wa mbegu wa Marekani, Harrington: kila unyevu wa mbegu ukishuka kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka maradufu, kila joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, vivyo hivyo. Kanuni ya unyevu inafaa kati ya 5% na 14%, ya joto kati ya nyuzi 0 na 50. Mkishusha mbegu kutoka 12% hadi 6%, mmezidisha maisha yake mara 64 bila friji wala umeme. Ndiyo maana tunasisitiza kukausha kabla ya kuuliza bei ya friza.

Sasa hesabu. Kwa kuwa mna maabara, pimeni gramu 5 za mbegu, ziwekeni kwenye oveni ya nyuzi 103 kwa saa 17, mzipoze ndani ya chombo kilichofungwa, kisha mpime tena. Uzito uliopotea ni maji. Tuseme mmepata 14%. Kwenye kilo moja ya mbegu kuna gramu 140 za maji na gramu 860 za kitu kikavu. Mkitaka unyevu wa 6%, hizo 860 ziwe 94% ya uzito wote: 860 gawanya kwa 0.94, sawa na gramu 915. Kwa hiyo zitoke gramu 85. Kuanzia hapo hamhitaji oveni tena. Pimeni mfuko uleule kila baada ya siku mbili kwa mizani inayosoma nusu gramu, na ukifika gramu 915 mmemaliza.

Jua peke yake halitawafikisha huko. Hata kipindi cha kusi, hewa ya mchana haikauki vya kutosha; kuanika kutawafikisha nusu ya njia. Tandazeni mbegu kwa unene usiozidi sentimita moja kwenye jamvi au chandarua kilichoinuliwa, mahali penye kivuli na upepo, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Ziingizeni ndani kabla hewa ya jioni haijarudisha maji. Msianike juu ya bati wala sakafu ya saruji iliyopata moto: mbegu mbichi ikipashwa zaidi ya nyuzi 40 hufa huku ikionekana nzuri kabisa kwa macho.

Nusu iliyobaki ni kazi ya silika jeli, yaani punje zinazonyonya unyevu, ndani ya chombo kilichofungwa. Kwenye hewa kavu tunayoitaka, yaani unyevu wa 20% hivi, silika hubeba maji kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Hata gramu zote 85 za maji zikiachiwa silika, zinataka karibu gramu 850 zake, kwa hiyo kilo kwa kilo. Mbegu ziwe kwenye mfuko wa kitambaa chepesi, juu ya silika. Mbegu ndogo za nyasi humaliza wiki moja hadi mbili, za marejea na kunde pori wiki tatu hadi nne. Silika ya bluu ikigeuka waridi imejaa. Irudisheni kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa tatu. Rangi ile ya bluu ni chumvi ya kobalti, sumu, wanafunzi wasiishike kwa mikono mitupu. Ikipatikana ya rangi ya chungwa, chukueni hiyo.

Na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo kila mtu hutuletea kwa furaha: kimoja kina gramu moja au mbili, na mara nyingi kimeshajaa maji tangu dukani.

Wataalamu, hapa Lindi mjini silika siioni dukani. Bibi yangu alikuwa anaweka mbegu juu ya moshi wa jikoni. Nifanye nini?
*Mama mkusanyaji wa mbegu, Lindi*

Mama, bibi alikuwa sahihi kwa mahindi na kunde za msimu mmoja. Dari la jikoni ni kavu kuliko chumba cha kulala, na moshi huwafukuza fukusi. Lakini joto lake hupanda na kushuka, na kwa mbegu unayotaka ikae miaka kumi hiyo haitoshi.

Tumia mkaa. Uponde mpaka vipande vilingane na punje za kunde, uchekeche vumbi, kisha uukaushe kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo, ukiugeuza, mpaka kifuniko baridi ukikiweka juu kisipate jasho. Hapa ndipo wengi huharibu: wanauacha upoe kwenye ungo. Mkaa mkavu unaopoa wazi hapo Lindi hunywa hewa ya bahari kabla haujakutana na mbegu. Upoe ndani ya ndoo iliyofungwa. Uzito uwe mara tatu ya mbegu: kilo tatu za mkaa kwa kilo moja. Ukaushe upya baada ya wiki moja, kisha urudie.

Mchele nao unafaa kwa kiasi kidogo. Ukaange bila mafuta kwa moto wa chini mpaka uwe na rangi ya maziwa ya chai, upoze kwenye chupa iliyofungwa. Mchele hubeba maji machache kuliko silika, kwa hiyo weka kilo mbili kwa kilo ya mbegu na ubadilishe angalau mara mbili. Ukiungua na kuwa mweusi haujaharibika. Kazi yake si kuliwa.

Kujua kama umefika, nunua haigromita ndogo, kile kipimo cha unyevu wa hewa chenye kioo cha namba. Kitie ndani ya chupa iliyojaa mbegu robo tatu, funga, uache kivulini usiku mzima. Kikisoma 25% au chini, vizuri. Kikisoma 50%, rudi kwenye mkaa. Kama huna, jaribu chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango: vijiko viwili ndani ya chupa yenye mbegu nusu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu zimelowa mno. Lakini isipoganda usishangilie. Chumvi inakwambia tu kwamba uko chini ya 75%, na toka hapo hadi 25 bado ni mbali.

Shikamooni. Huku kwetu moto hupita porini kuanzia Juni. Nikikusanya mapema mbegu hazijakomaa, nikichelewa zimeungua au zimepukutika. Pia makapi ni mengi kuliko mbegu. Nijuaje wakati?
*Msomaji, Nachingwea*

Marahaba. Usiangalie kalenda, angalia suke. Nyasi haziivi siku moja. Ncha ya suke huanza, chini hufuata. Pitisha suke katikati ya vidole bila kuvuta kwa nguvu. Mbegu zikibaki mkononi zenyewe, zimeiva. Ukilazimika kuzing'oa, rudi baada ya siku nne. Mvua zikiisha vizuri, nyasi nyingi za kwenu huwa tayari kati ya Mei na Julai, kwa hiyo dirisha ni finyu na moto ndio unaolifunga. Fyeka ukanda wa mita mbili kuzunguka kipande unachokitaka mapema Mei, ununue wiki mbili.

Makapi si kosa lako. Katika nyasi za porini ganda tupu ni jambo la kawaida. Chavua, ule unga wa maua, isipofika au mvua ikikatika mapema, ganda hujengwa bila punje. Kabla ya kujaza gunia, chukua maganda 20 kutoka mimea mbalimbali, uyaweke juu ya kipande cha kioo, uyabonyeze kwa ukucha. Yenye punje hugoma, matupu hulala bapa. Yakigoma matano tu kati ya 20, ujue ni robo tu ya maganda unayobeba yenye mbegu, basi ongeza muda wa kukusanya au tafuta bonde jingine. Mikunde, yaani mimea ya jamii ya kunde kama marejea, kata mbegu zake kwa wembe: ndani pawe peupe na pagumu, pasiwe na majimaji wala tundu la fukusi.

Kusanya kutoka mimea isiyopungua 50, iliyotawanyika. Mbegu za mimea mitatu ni watoto wa nyumba tatu. Ugonjwa au ukame mmoja unaweza kuwafagia wote. Na usichukue zaidi ya sehemu moja ya tano ya mbegu zilizoiva siku hiyo. Zilizobaki ni mbuga ya mwaka kesho na chakula cha ndege.

Mbegu za nyasi za kuezekea zina mkia mrefu uliojisokota. Weka moja kiganjani, idondoshee tone la maji, utauona mkia unazunguka polepole kama mshale wa saa. Ndivyo mbegu inavyojichimbia ardhini yenyewe. Kwenye mfuko, mikia hiyo hushikana mpaka unapata kitu kama kiota cha ndege, nacho hakikauki katikati. Isugue mikia juu ya kipande cha mpira wa tairi kwa kiganja, kisha upepete. Usitwange kwenye kinu. Punje iliyopasuka inaota wiki hii, mwakani haioti.

Mbegu zangu nimezikausha kama mlivyosema mwaka jana, haigromita inasoma 22%. Lakini hazioti! Nilipozikata ziko nyeupe na ngumu. Nimeziua?
*Msomaji, Newala*

Hujaziua, zimelala. Mbegu iliyokufa baada ya wiki nne kwenye kitambaa chenye maji huwa laini, ya kahawia, yenye kuvu. Iliyolala hubaki ngumu na safi.

Ya nyasi na ya mikunde hulala kwa sababu tofauti, kwa hiyo ziamshe tofauti.

Nyasi zilizokusanywa karibuni zinangoja muda. Majani mengi ya mbugani, kama yale ambayo wataalamu huyaita Themeda triandra, huhitaji miezi kadhaa, hata mwaka, yakiwa makavu kwenye joto la kawaida kabla hayajakubali kuota. Na hapa kuna mtego: ukiyakausha sana na kuyagandisha mara moja, hayo mabadiliko ya ndani karibu yanasimama. Kwa hiyo gawa fungu lako. Utakazopanda msimu unaokuja ziache nje ya friji. Za akiba ya miaka, zigandishe. Ukibandua ganda la nje la mbegu chache kwa uangalifu, mara nyingi zitaota mapema.

Moshi pia huamsha. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walitenga ndani ya moshi wa majani kemikali inayoamsha mbegu, ambayo leo jamii yake huitwa karikini. Pitisha moshi wa majani makavu ndani ya maji ya ndoo kwa bomba kwa saa moja hivi, maji yawe ya rangi ya chai nyepesi, kisha jaribu nguvu tatu: maji yenyewe, sehemu moja kwa kumi ya maji safi, na moja kwa mia. Loweka saa 24. Makali yakizidi huzuia kuota badala ya kuamsha, ndiyo maana hatukupi kipimo kimoja.

Mikunde ina ganda lisilopitisha maji, na kadiri ulivyoikausha ndivyo ganda lilivyozidi kukaza. Kata kijisehemu kidogo cha ganda kwa kikata kucha, upande ulio mbali na kovu la kitovu. Kama ni nyingi, chemsha maji, yaondoe motoni kwa dakika mbili tatu, mimina juu ya mbegu kwa ujazo mara tano wa mbegu, uziache humo mpaka asubuhi. Zilizovimba panda, zisizovimba rudia. Usizichemshe jikoni na mbegu zikiwa ndani.

Jambo moja zaidi kwa mbegu kubwa zilizokauka sana: zikitoka kwenye unyevu wa 6% na kutumbukizwa majini ghafla, ngozi za seli hupasuka na mbegu huvuja sukari yake. Zikae kwanza siku moja juu ya wavu ndani ya ndoo iliyofungwa yenye maji chini, bila kugusa maji.

Nina friji ya duka na umeme hukatika. Bora nisitumie?
*Mfanyabiashara, Kilwa*

Tumia. Kutoka nyuzi 26 za chumba hadi 6 za friji ni mara 16 kwa kanuni ya hapo juu, na umeme ukikatika siku nzima mbegu kavu iliyofungwa haitajua. Inayoua ni maji. Ndani ya friji hewa ni baridi lakini ina unyevu mwingi, kwa hiyo bahasha ya karatasi hulowa humo taratibu. Tumia chupa za kioo zenye mpira kwenye kifuniko. Zijaribu kwanza: tia silika kavu ya rangi, funga, zizamishe kwenye ndoo ya maji kwa wiki mbili. Rangi ikibadilika, chupa hiyo irudi kwenye achari.

Friza, ile ya nyuzi 18 chini ya sifuri ambayo benki za mbegu duniani huitumia, ni kwa mbegu zilizofika 7% au chini tu. Zenye maji mengi huweza kupata barafu ndani ya seli. Faida ya ziada: wiki mbili humo huua mayai ya fukusi kwenye mikunde, bila dawa.

Ukiitoa chupa, usiifungue ikiwa baridi. Iache mezani mpaka kesho. Jasho unaloliona kwenye soda ndilo litakaloingia ndani ya mbegu.

Na ming'oko na zambarau za porini tuzikaushe hivyohivyo?
*Msomaji, Mtwara vijijini*

Hapana, ndugu. Kiazi cha ming'oko si mbegu. Ukikikausha umepata chakula cha mbuzi. Kitunze kwa kukipanda, na anayechimba arudishe shingo ya kiazi shimoni. Zambarau, embe, fenesi na mikoko zina mbegu zinazokufa zikikauka. Zipande ndani ya siku chache. Habari njema ni kwamba karibu nyasi zote na mikunde ya mbugani zinakubali kukaushwa.

Tumepata chupa 30 zilizokaushwa. Tuzipime mara ngapi, na tuzipeleke wapi zisije zikapotea sisi tukiondoka?
*Kikundi cha wahifadhi, Liwale*

Msifungue chupa kubwa kwa ajili ya kupima. Siku ya kufunga, tengeni vifuko vidogo vya mbegu 50, kila kimoja na chupa yake ndogo, vikae friji hiyohiyo. Pimeni mara moja kabla ya kuhifadhi ili mpate namba ya kuanzia, mwezi mmoja baadaye kuona kama ukaushaji haukuua, kisha kila miaka miwili kwa friji ya nyumbani. Kwenye friza ya kweli miaka mitano inatosha. Mbegu 50 juu ya kitambaa cheupe chenye maji, ndani ya sahani iliyofunikwa, kwa wiki nne hadi sita. Hesabuni kila wiki na mziondoe zilizoota. Mwisho kateni zilizobaki, muandike ngapi zilikuwa ngumu na ngapi zimeoza, la sivyo mtaziita zilizolala kuwa zimekufa. Uotaji ukishuka chini ya 85% ya namba ya kuanzia, yaani kama mlianza na 80% mkashuka chini ya 68%, rudini porini mkusanye upya.

Lebo iwe ya penseli kwenye karatasi, moja ndani ya chupa na moja nje. Kalamu ya wino hufifia. Andikeni tarehe, kijiji, vipimo vya GPS kutoka kwenye simu, aina ya udongo, mimea mingapi ilikusanywa, na jina la mmea kama linavyoitwa hapo, kwa Kimwera, Kiyao au Kimakonde. Kausheni tawi lenye suke kati ya magazeti, mlipe namba ileile ya chupa. Jina mlilolikosea leo litasahihishwa na tawi hilo. Mbegu bila tawi haina shahidi.

Fungu la pili lisikae Liwale. Benki ya taifa ya nasaba za mimea iko Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Waandikieni kabla ya kutuma, mkiwatajia mimea na idadi ya mbegu mlizonazo. Tumeni zikiwa zimeshakaushwa, ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na tawi lake pamoja. Msitume masika kwa gunia juu ya basi.